Hesabuni Milango: Hotuba Kuhusu Haiba ya Mji Mdogo Wenye Kitovu cha Kale

Ndugu mwenyekiti, waheshimiwa madiwani, wenye majengo, wapangaji, wanafunzi wa mipango miji, na ninyi nyote mlioacha shughuli zenu kuja kukaa hapa. Wakubwa wangu shikamooni, na wengine habari za mchana.

Nimeombwa nizungumzie haiba ya miji midogo yenye kitovu cha kale. Mada hii inalewesha usipoangalia. Mtu anaanza kusifia milango ya mbao, mara madirisha, mara mawe yaliyolainishwa na nyayo za watu, na muda unamwishia kabla hajasema neno la kumsaidia yule ambaye kesho asubuhi atakaa kwenye kikao kuamua jengo fulani libomolewe au libaki. Kwa hiyo nitajibana. Nina jambo moja tu la kuwaambia: haiba tunayoisifu imetengenezwa na vitu vinavyohesabika. Na kinachohesabika kinaweza kuandikiwa sheria ndogo, kutengewa fungu na kuwekwa kwenye mkataba wa pango. Anayesema haiba ni hisia tu, huyo ameshaiaga.

Nianze na mlango.

Mtu mwenye afya njema, asiye na haraka, hutembea kama kilomita 5 kwa saa. Maana yake mita 100 anazimaliza kwa sekunde 72. Sasa mpitishe kwenye mtaa wa kale ambao viwanja vyake vina upana wa mita 5 au 6 kila kimoja. Katika zile mita 100 atapita nyumba 16 hadi 20 upande mmoja, na kila nyumba ina mlango wake. Kila baada ya sekunde 4 hivi kuna jipya: fundi amekunja mgongo juu ya cherehani, ngazi inapanda gizani, sauti za watu wanabishana bei, harufu ya varnishi, ua umechungulia nyuma ya lango lililo wazi nusu. Jicho halipati nafasi ya kuchoka. Kisha mpeleke mtu yuleyule kwenye barabara yenye jengo moja lenye urefu wa mita 100, kioo kitupu, mlango mmoja na mlinzi mmoja. Sekunde 72 hizohizo, hana la kutazama isipokuwa sura yake mwenyewe kwenye kioo. Atasema barabara ile ni ndefu. Vipimo ni vilevile, tofauti ni milango.

Hakuna aliyekata viwanja vile vyembamba ili mji upendeze. Uso wa kiwanja uliotazama barabara ya soko ulikuwa na thamani kubwa, kila mfanyabiashara akitaka angalau kipande, kwa hiyo ardhi ilikatwa nyembamba mbele na kurefushwa kwenda nyuma. Halafu kulikuwa na boriti. Kabla ya chuma na zege, sakafu ya ghorofa ilibebwa na mbao kutoka ukuta hadi ukuta, na mbao ina kikomo chake. Kwenye miji mingi ya Ulaya kikomo hicho kiliangukia kwenye mita 5 au 6. Katika majumba ya mawe ya pwani ya Afrika Mashariki, boriti za mikoko zilibana zaidi, vyumba vikawa virefu na vyembamba, upana usiofika mita 3. Upana wa nyumba ukafuata urefu wa mti, na upana wa nyumba ukatoa mwendo wa mtaa mzima.

Kimo nacho kina hadithi kama hiyo, nitaipita haraka. Lifti ya kwanza ya abiria iliyofungwa dukani New York ilianza kazi mwaka 1857. Kabla ya hapo ghorofa zilipandwa kwa miguu, na magoti ya watu ndiyo yaliyoamua jengo liishie wapi. Ndiyo maana mitaa ya kale mingi ina ghorofa tatu, nne. Kutoka ghorofa ya tatu bado unaweza kumtambua mwanao aliye chini na kumwita kwa jina. Kutoka ya kumi na tano huwezi.

Mji wa kale pia unakumbuka maumbo ambayo kazi yake ilishakwisha zamani. Nenda Lucca, mji mdogo wa Italia. Ndani yake kuna uwanja wenye umbo la yai, nyumba zimeuzunguka zikiwa zimepinda kufuata duara. Ulikuwa uwanja wa michezo wa Warumi. Ulipoachwa, watu walijenga juu ya kuta zake, wakatumia matao yake kama msingi, na karne zikapita. Katika miaka ya 1830 mbunifu Lorenzo Nottolini akaondoa vibanda vilivyojaa katikati, na umbo likaonekana tena. Hata kuta za ulinzi za mji huo, zenye mzunguko wa zaidi ya kilomita 4, hazikubomolewa adui alipoacha kuja. Zilipandwa miti juu, na leo watu huzitembelea kwa miguu na baiskeli. Kuna miji mingi ambayo ukuta wa namna hiyo ungekuwa barabara ya njia sita.

Nawaomba sasa mnisogelee, maana hapa ndipo penye mgonjwa.

Simameni mbele ya nyumba moja ya biashara ya kale, popote duniani. Angalieni chini. Mara nyingi utakuta uso wake umegawanyika sehemu mbili. Kuna fremu ya duka, pana kiasi, yenye dirisha la kuonyeshea bidhaa. Pembeni yake kuna mlango mwembamba, usiozidi mita 1, umebanwa ukutani kiasi kwamba mgeni anaweza kuupita asiuone. Mlango huo haumhusu mwenye duka. Unafungua kwenye ngazi, na ngazi inakwenda juu kwa watu: familia, mpangaji wa chumba kimoja, ofisi ya mwanasheria, mwalimu wa muziki. Duka likifungwa jioni, mlango mwembamba unaendelea na kazi. Taa za juu zinawaka. Mtu anashusha kikapu kwa kamba, mwingine anatoka kununua dawa. Mtaa haulali kwa sababu wapo wanaolala humo.

Kilichotokea katika nusu ya pili ya karne ya 20, mji baada ya mji, ni kwamba mwenye duka alitaka dirisha pana zaidi. Akautazama ule mlango mwembamba akaona mita moja inayopotea bure. Akaung'oa, akaondoa na ngazi, dirisha likatanuka. Kwa duka ilikuwa hesabu nzuri, na sitamlaumu. Lakini kuanzia siku hiyo ghorofa mbili za juu hazikuwa na njia ya kuingilia isipokuwa kupitia dukani, na hakuna mpangaji anayekubali kupita katikati ya viatu na masanduku kila anapokwenda kulala. Juu pakawa stoo. Kisha pakawa pa njiwa. Paa likaanza kuvuja na hakuna aliyejua, kwa kuwa hakukuwa na mtu wa kudondokewa. Watu wanapojiuliza kwa nini jengo zuri limeoza, wanatafuta sababu kubwa kubwa za uchumi wa dunia, na huenda zipo. Mimi huwa natafuta ngazi kwanza.

Kuna sababu nyingine ya kuyaheshimu majengo yale, na hii ni ya kifedha. Gharama za kuyajenga zilishalipwa zamani na watu waliokwishakufa. Kwa hiyo pango linaweza kuwa dogo, na palipo na pango dogo ndipo anapoanzia mtu mwenye wazo jipya na mtaji kiduchu. Jengo jipya lina mkopo wa benki nyuma yake, na mkopo unachagua wapangaji: tawi la benki nyingine, duka lenye matawi mia, kampuni ya simu. Mshona viatu hawezi kuubeba. Ukibomoa mtaa wa kale ukajenga upya, hata kama utauchora mzuri kiasi gani, umemfukuza mshona viatu siku ileile uliposaini mkopo.

Niwape mkasa mmoja unaonifurahisha na kuniuma kwa pamoja. Victor Gruen alikuwa mbunifu majengo aliyezaliwa Vienna mwaka 1903, akakimbilia Marekani mwaka 1938. Aliona watu wa vitongoji vya Marekani wanaishi kwenye magari, hawana pa kukutania. Akawachorea Southdale, karibu na Minneapolis, jengo kubwa la maduka lililoezekwa juu lote, likafunguliwa mwaka 1956. Nia yake ilikuwa kuwapa kitu kinachofanana na katikati ya mji wa kale: pa kutembea, pa kukaa, pa kutazamana. Wakuu wa biashara walichukua duka na maegesho, mengine wakayaacha. Majengo ya aina hiyo yakaenea nchi nzima, na fedha zikahama kutoka katikati ya miji midogo kwenda pembezoni, kwenye uwanja wa lami. Gruen mwenyewe alikuja kuyakana hadharani.

Kabla ya kuyakana, aliitwa kuuokoa mji mdogo wa Kalamazoo, Michigan. Mwaka 1959 sehemu ya mtaa wake mkuu, Burdick, ilifungwa kwa magari. Ikapandwa maua, ikawekwa mabenchi, na miji mingi ya Marekani ikaiga. Mingi kati ya hiyo ilikuja kufungua tena, na Kalamazoo yenyewe iliyarudisha magari mwaka 1998. Wapo wanaotumia habari hii kama fimbo: mnaona, kufunga barabara hakufai. Hapo nakataa. Kuondoa magari hakuwezi kuleta watu ikiwa watu wameshahama kwenda kulala kwingine. Benchi halina mtu wa kulikalia kama ghorofa za juu ni za njiwa.

Linganisheni na Pontevedra, mji wa watu kama 83,000 kaskazini magharibi mwa Hispania. Mwaka 1999 alichaguliwa meya Miguel Anxo Fernández Lores, na halmashauri yake ikaanza kuyatoa magari kwenye mji wa kale, kisha kwenye mitaa inayouzunguka. Tofauti ni kwamba kule watu walikuwa bado wanaishi katikati. Magari ya wakazi, ya kushusha mizigo na ya dharura yanaruhusiwa kwa utaratibu, na anayekuja kutoka nje anaacha gari ukingoni mwa mji. Mwaka 2011 wakatoa ramani inayoonyesha dakika za kutembea kutoka kituo kimoja hadi kingine, imechorwa kama ramani ya treni za chini ya ardhi. Ni karatasi tu, lakini ilimpa mwenye gari jibu la swali analojiuliza kila mara: mbali? Dakika saba.

Kwa kuwa nimetaja maegesho, nitoe hesabu fupi kwa ajili ya wale watakaosema mji hauwezi kupona bila hayo. Gari moja likiegeshwa, pamoja na njia ya kuingilia na kugeuzia, linachukua kama mita za mraba 25. Magari 200 ni mita za mraba 5,000, karibu theluthi mbili ya uwanja wa mpira wa miguu. Katika mji mdogo eneo hilo ni nyumba nzima nzima zenye milango, ngazi na watu. Kuna miji iliyobomoa nusu yake ili watu wapate pa kuacha magari wanapokuja kuutazama, na walipofika wakakuta maegesho.

Savannah, mji wa jimbo la Georgia huko Marekani, ilijaribu njia hiyo na ikageuka. Mji ule ulianzishwa mwaka 1733 na James Oglethorpe kwa ramani ambayo wanafunzi hapa lazima muijue: mitaa midogo midogo, kila mmoja umejengwa kuzunguka kiwanja chake cha wazi. Mwaka 1954 soko kuu la mji, lililokuwa kwenye mojawapo ya viwanja hivyo, Ellis, lilibomolewa kupisha jengo la maegesho. Watu waliumia. Mwaka uliofuata nyumba nyingine ya zamani, ya Davenport, iliyojengwa mwaka 1820, ikawa kwenye orodha ya kubomolewa kwa sababu hiyohiyo ya maegesho. Safari hii wanawake saba wakachanga, wakainunua, na kutokana na hapo wakaanzisha taasisi ya kuhifadhi mji.

Sifa ya akina mama wale naiweka kwenye kilichofuata. Taasisi haikujaribu kununua mji mzima na kukaa nao. Iliunda mfuko wa kuzunguka: inanunua jengo lililo hatarini, inamuuzia mtu anayejifunga kwa mkataba kulikarabati na kutolibomoa, fedha zikirudi inanunua jingine. Fedha zilezile zimeokoa mamia ya majengo. Baadaye chuo cha sanaa kilichoanzishwa mwaka 1978 kikachukua majengo makuukuu kuyafanya madarasa na mabweni, vijana wakarudi katikati ya mji, na vijana hawalali mapema. Na lile jengo la maegesho pale Ellis? Lilibomolewa nalo. Magari yakashushwa chini ya ardhi, kiwanja kikafunguliwa tena mwaka 2010. Zaidi ya nusu karne kurudi mahali palepale, minus soko.

Najua kuna mtu hapa anasubiri niseme kwamba serikali ipige marufuku kugusa chochote. Sisemi hivyo. Ufaransa walipata hatua nzuri tarehe 4 Agosti 1962, kwa sheria inayojulikana kwa jina la waziri wa utamaduni wa wakati ule, André Malraux. Badala ya kulinda jengo mojamoja maarufu, sheria iliruhusu kulinda mtaa mzima, na mji mdogo wa Sarlat ukawa miongoni mwa wa kwanza kufaidika. Lakini mtaa ukishapendeza, bei hupanda, na aliyekuwa akiishi humo kwa shida ndiye wa kwanza kuondoka. Bologna, Italia, waliliona hilo mapema. Mpango wao wa mwaka 1969 ulilinda kitovu cha kale, na mwaka 1973 wakaelekeza fedha za nyumba za umma kwenye ukarabati wa nyumba za kale badala ya kujenga mabloku pembezoni, ili wapangaji wa kipato kidogo wabaki kwenye mitaa yao. Hawakutimiza yote waliyokusudia. Hata hivyo walikuwa wamelielewa swali: mnahifadhi kwa ajili ya nani?

Wasiolijibu swali hilo wanaweza kutazama Venice. Kisiwani, kwenye mji wa kale, waliishi watu kama 175,000 mwaka 1951. Mwaka 2022 walishuka chini ya 50,000. Hakuna aliyebomoa Venice. Majengo yako palepale, yamepakwa na kupigwa picha kuliko wakati wowote, na ngazi zipo. Anayepanda ngazi ana begi la magurudumu na ataondoka Jumapili. Waswahili tunasema mgeni njoo mwenyeji apone, na ni kweli, ila mwenyeji awepo basi. Mwaka 2024 mji ule ulianza kuwatoza wageni wa kutwa ada, wakati huo euro 5, katika siku maalum. Ada hiyo inaweza kupunguza foleni. Haimrudishi mwuza mboga aliyefunga kwa kuwa wateja wake wote sasa wanakula hotelini.

Nitawakera wachache sasa. Sina imani na nguzo za taa zilizotengenezwa mwaka jana zifanane na za karne ya 19. Sina imani pia na utaratibu wa kuacha uso wa jengo umesimama, ukabomoa kila kitu nyuma yake na kuinua ofisi, dirisha la zamani likitazama sakafu iliyopita katikati yake. Kama jengo limekufa, afadhali libomolewe na lijengwe jipya la upana uleule, lenye milango mingi ileile. Mtaa utalimeza bila shida. Mitaa ya kale yenyewe ilijengwa hivyo, nyumba moja moja, kila kizazi na mtindo wake.

Wala nyumba za kale zote si nzuri kuishi. Zina unyevu, nyaya za umeme zimefumwa juu ya mbao kavu, ngazi zake ni adhabu kwa mzee na haziwezekani kabisa kwa mtu wa kiti cha magurudumu. Mwenye jengo anayelalamika kwamba anabebeshwa gharama kwa ajili ya furaha ya wapita njia ana hoja, na hoja yake inahitaji fedha, si nasaha. Nafuu ya kodi ya majengo kwa anayekarabati ghorofa ya juu na kuiwekea mpangaji wa kudumu ingemsaidia kuliko bango la shaba ukutani.

Kwa hiyo, waheshimiwa madiwani, ombi langu ni dogo na linaweza kuanza wiki ijayo. Kabla ya kumlipa mtaalamu wa kuchora nembo ya mji, watumeni wanafunzi hawa wapite mtaa kwa mtaa na daftari. Wahesabu milango iliyo hai katika kila mita 100, waandike ipi inafunguka na ipi imezibwa. Warudi saa 3 usiku wahesabu madirisha ya juu yenye taa. Wakimaliza mtakuwa na ramani inayoonyesha haiba imebaki wapi na imetoboka wapi, na mtajua fungu la ukarabati lianzie nyumba ipi. Kisha ongezeni kifungu kimoja kwenye masharti ya vibali: anayeunganisha fremu mbili kuwa moja asiruhusiwe kuondoa mlango wa ngazi. Na anayetaka kibali cha kurudisha ngazi iliyong'olewa, apewe bila ada.

Nimemaliza ya kwangu. Tuna dakika kama ishirini za maswali, na ningependa tuanze na wenye majengo, kwa kuwa mimi nimezungumzia mali yao mchana kutwa na wao hawajasema neno.